Nyota ya Mpishi

Wewe, nyumbani kwako mnaishi wangapi? Una hakika?

Taisia alikuwa na hakika. Waliishi wawili, yeye na mumewe Venyamin, ghorofa ya nne, mjini Pskov, Urusi. Kulikuwa pia na wafu mia mbili na kitu ambao Venyamin aliwatunza kwenye droo za kabati la sebuleni, lakini hao Taisia hakuwahesabu. Hawakula, na hawakuchafua bafu.

Ndiyo maana jioni moja ya Novemba, alipokuta kijiko cha mbao kimelowa na sufuria ina joto, aliuliza akiwa palepale mlangoni mwa jikoni, "Umepika?"

"Mimi?" Venyamin alicheka bila kuinua jicho kwenye lenzi yake. "Taya, katika ndoa hii umeniona lini nikipika?"

Kweli. Hata yai hakuwahi kulichemsha. Taisia alinusa. Jikoni mlinuka moshi wa kuni, na chini ya moshi ule mlikuwa na harufu ya koti la sufi lililolowa tope. Jengo zima linatumia gesi. Alikiosha kijiko, akakianika, akaenda kutazama televisheni. Tangu alipostaafu udaktari wa meno alikuwa amegundua kwamba mambo mengi, ukiyanyima maswali, huchoka yenyewe yakaondoka.

Hili halikuchoka.

Sasa, kuna jambo linalofaa kusemwa mapema, maana kulizungusha ni unafiki, na wanafiki tunao wa kutosha katika hadithi hii. Kosa lilikuwa la Taisia. Alilitenda kwa mikono yake, na alilitenda kwa kumpenda mtu, kama makosa mengi ya watu waliosoma.

Venyamin alikuwa mwalimu wa jiografia, na baada ya jiografia akawa mtu wa nishani. Si muuzaji! Umwite muuzaji uone. Alikuwa mtafiti, na neno hilo alilitamka kama padri anavyotamka jina la ubatizo. Kila nishani kubwa ya Vita vya Pili vya Dunia, ukiigeuza mgongo, ina namba yake. Namba hiyo ukiifuatilia kwenye kumbukumbu za jeshi inakutolea mtu: jina lake, kijiji chake, na alichokifanya siku fulani hata akastahili kupewa kipande cha fedha chenye rangi nyekundu. Jumamosi Venyamin na wenzake walikutana nyuma ya duka la stempu, wazee watupu, kila mmoja na lenzi yake shingoni, wakaambiana, "Sisi tunawarudishia wafu majina yao." Wake zao walikuwa na usemi wao pia. Walisema wazee hawa wanakumbuka siku aliyozaliwa kila koplo aliyelala Stalingradi, ila siku ya kuzaliwa ya mke mpaka wakumbushwe na keki.

Miongoni mwa wafu wale Venyamin alikuwa na mmoja aliyempenda kuliko wote, rubani, Kapteni Danilevich. Alikuwa amezikusanya nishani zake zote isipokuwa moja tu, Nyota Nyekundu. Namba yake aliijua kwa moyo, aliitaja hata usingizini. Kwa miaka kumi na moja aliitafuta. Alisafiri mpaka Omsk kwa sababu mtu alisema amesikia. Siku ya harusi ya binti yao alikuwa nje ya ukumbi, kwenye baridi, akiongea kwa simu na mjane wa mtu mwingine kabisa. Kwenye ubao wa mahameli palipolala nishani za kapteni palikuwa na kitundu chenye umbo la nyota, na kila wiki Taisia alikipangusa vumbi. Fikiria mwanamke msomi, anapangusa tundu.

Na kulikuwa na kopo la sukari. Humo Venyamin alitupia nishani ambazo hakuna mtafiti anayezitaka. Mojawapo ilikuwa Nyota Nyekundu ya Yefim Kuzyrin. Venyamin aliifuatilia pia, kwa uaminifu, na kumbukumbu zikamjibu kwamba Kuzyrin alikuwa askari wa kawaida, mpishi. Kikosi kimoja kilikuwa kimezingirwa kwenye kinamasi, hakijala kwa siku kadhaa. Kuzyrin alijifunga mgongoni kopo kubwa la uji wa shayiri, akavuka maji ya kifuani chini ya makombora, akawalisha watu, akarudi. Wakampa nyota. Baadaye akatumwa tena kwenye kinamasi kilekile, na uji uleule, na mara hiyo hakurudi. Hana kaburi wala ukoo.

"Mpishi," Venyamin alisema siku ile, kama mtu anayesema mvua inanyesha. "Nani atanibadilishia rubani kwa mpishi?" Akaitupa nyota kwenye kopo la sukari.

Septemba Taisia alichoka. Hakulia wala hakugombana. Alichoka tu, kama sukari inavyoisha. Alhamisi, Venyamin alipokwenda kwenye bafu la mvuke na marafiki zake, alitoa stooni ile mashine yake ya kutobolea meno, aliyokuwa akiwatibia nayo wagonjwa wa nyumbani nyakati zile hospitali zilipokuwa hazina hata pamba. Akaitoa nyota ya mpishi kwenye kopo la sukari, akaigeuza mgongo, akaisugua namba mpaka fedha ikawa laini kama ukucha wa mtoto. Juu yake akachonga namba ya kapteni. Zamani zile namba zilichongwa kwa mkono, na kwa kifaa cha namna hiihii, kwa hiyo hapakuwa na jicho litakalotenganisha. Kisha akampelekea Gurin, mchuuzi wa gulio la Jumapili, ili "aipate" kwa bahati na kumpigia simu Venyamin.

"Daktari," Gurin alisema, akiipindua nyota kiganjani, "mimi nimeuza mengi. Lakini hii ni dhambi."

"Gurin, meno unayotafunia dhambi zako nilikutengenezea mimi."

Gurin akafumba mdomo uliojaa dhahabu, akapiga simu.

Venyamin alilia. Aliilaza nyota chini ya lenzi, akaisoma namba kwa sauti, akaisoma tena, kisha akaketi sakafuni na koti lake mwilini. Jioni waliiosha. Nchi ile nishani mpya haivaliwi kavu. Hutumbukizwa kwenye bilauri, ikamiminiwa vodka juu yake, na mwenye nishani husimama wima, akataja cheo na jina lake, akanywa mpaka chuma kiguse midomo. Mwenyewe akiwa amekufa, Venyamin alisimama badala yake, kifua mbele, kitambi nyuma ya kifua.

"Kapteni Danilevich. Nimepokea Nyota Nyekundu!"

Akanywa. Chuma kikagonga meno yake, na Taisia akawaza, basi, imekwisha, sasa atanirudia.

Na kweli alirudi. Kwa mwezi mzima Venyamin alikuwa mume. Walitembea kando ya mto, wakacheza karata, akamwuliza habari za goti lake na akangoja jibu. Taisia hakuwa ameomba zaidi ya hapo, ingawa angepewa zaidi asingekataa.

Ndipo kikaja kile kijiko.

Baada ya kijiko ikaja sauti. Saa kumi alasiri, giza la majira ya baridi linaposhuka kama mtu amezima taa kwa hasira, Taisia alisikia mashine ya meno ikilia stooni. Aliijua sauti ile kuliko sauti ya mamaye, wembamba wake inapozunguka bure na mkwaruzo wake inaposhika kitu kigumu. Hii ilikuwa imeshika kitu. Alifungua mlango. Mashine ilikuwa gizani, imefunikwa shuka lake, waya umeviringwa, plagi inaning'inia. Akaigusa sindano kwa kidole. Ilikuwa ya moto, na kwenye shuka palikuwa na vumbi laini la fedha.

Hakupiga kelele. Alikuwa kama fizi iliyodungwa sindano ya ganzi, unajua maumivu yapo, hujui yamelala upande gani. Alilikung'uta shuka dirishani, akalirudisha.

Wiki hiyo alikutana na jirani Nelli kwenye ngazi, amebeba bakuli tupu.

"Asante jamani," Nelli alisema. "Uji wa shayiri sijaula tangu niko shule. Na unanukia moshi! Huyu Yefim wako ameanza lini kuwa mtu wa watu? Zamani salamu tu ilikuwa kazi."

"Nani?"

"Yefim. Mumeo. Taya, unaumwa?"

"Mume wangu anaitwa Venyamin. Tumekuwa majirani tangu jengo hili lipakwe rangi."

Nelli alimtazama kwa huruma, ile huruma ya mwanamke anayeona mwenzake ameanza kuzeeka kichwani. "Ndiyo, mpenzi. Pumzika. Mwambie Yefim uji mzuri, ila chumvi apunguze."

Jumapili binti yao alipiga simu kutoka Kaliningradi. Watu wa kule hubeba jina la baba katikati ya majina yao, ukiitwa rasmi unaitwa na baba yako ndani. "Mama, nicheke au nilie?" binti alisema. "Nimeulizwa jina langu kamili kwenye foleni, nikataja la kwanza, nikakwama hapo katikati. Baba anaitwa nani vile?"

Taisia alifungua mdomo amjibu. Ulimi wake ukaenda mahali jina lilipokaa kwa miaka yote ya ndoa, kama ulimi unavyokwenda kwenye jino, ukakuta pengo.

"Nitakupigia baadaye," alisema.

Akaweka simu chini, akasimama katikati ya sebule, akalitafuta jina la mumewe kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni, akipitia cheti cha ndoa na harusi yenyewe na mama mkwe aliyekuwa akiliita jina hilo dirishani kila jioni, na kila alipofika karibu, jina lilipiga hatua moja nyuma, mpaka mwishowe akakata shauri aite tu, liwalo na liwe, akavuta pumzi, akaita, na kilichotoka mdomoni mwake kilikuwa, "Yefim!"

"Nipo!" akaitikia mtu jikoni, kwa sauti nene ya shamba ambayo haikuwa imewahi kufundisha jiografia.

Alfajiri iliyofuata aliamshwa na baridi. Upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu. Harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima sasa, moshi, sufi mbichi, tumbaku ya bei ya chini, na harufu nyingine ya maji yaliyosimama muda mrefu juu ya vitu visivyopaswa kuwa majini. Akaifuata kwa miguu mitupu mpaka jikoni, na jikoni akamkuta mumewe ameinama juu ya ndoo ya kufulia iliyokuwa ikitokota kwenye jiko, anakoroga kwa kijiko cha mbao huku akiimba puani, nguo zake za kulalia zimelowa kuanzia kifuani kwenda chini, na maji meusi yanachuruzika kutoka kwenye mikunjo yake hadi sakafuni, yakitambaa chini ya meza, chini ya friji, hadi vidoleni mwa Taisia, yakiwa na baridi ya mahali ambapo jua halijafika tangu vita vile, na alipogeuka uso ulikuwa uleule wa mumewe, mashavu yale, alama ileile ya tetekuwanga, lakini aliyekuwa akichungulia humo ndani alikuwa mtu mwingine, mtu mpole, mwenye haraka, aliyechoka.

"Samahani mama, nimekuamsha," alisema. Aliondoa ndoo motoni kwa mikono mitupu, na ngozi ya viganja ikatoa sauti ndogo kama nyama kikaangoni. "Natoka sasa hivi. Vijana kule ng'ambo hawajala tangu juzi."

"Uende wapi? Nje kuna theluji."

"Si mbali. Nimeshakwenda mara moja." Akatabasamu. "Mara ya kwanza ndiyo ngumu."

Akaanza kujifunga ndoo mgongoni kwa mkanda wa koti la Taisia. Na Taisia, aliyekuwa amesoma majibu ya kumbukumbu za jeshi kabla ya kuichukua nyota ile, alijua jinsi safari ya pili ilivyokwisha. Aliruka, akafunga mlango kwa ufunguo, akautupa ufunguo chooni, akaketi na mgongo mlangoni. Mtu yule hakumsukuma. Alisimama tu mbele yake na uji mgongoni, akingoja kwa adabu, maji yakimchuruzika, mpaka kulipopambazuka na magoti ya Venyamin yakakunjika.

Alipozinduka aliuliza kwa sauti yake mwenyewe, "Taya, mikono yangu imefanya nini?"

"Umeungua."

"Kwa nini?"

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Taisia alimfunga bendeji. Juu ya kabati, kwenye mahameli, nishani za kapteni ziling'aa, zimekamilika, bila tundu. "Ulikuwa unatembea usingizini," alisema.

Gurin ndiye aliyemleta bibi Kapitolina, mganga, kwa gari lake, kutoka kijiji kilicho upande wa mpaka, na hakukubali kupanda juu. Kapitolina alikuwa mfupi, mnene, mwenye buti za mpira, na mfuko wa plastiki wenye nta ya kanisani. Alisimama mlangoni akinusa.

"Mmemweka ndani askari," alisema.

"Bibi, mimi ni daktari," Taisia alisema. "Hayo mambo siyaamini."

"Sawa. Basi niage, niwahi basi la kijijini."

Taisia akasogea, akampisha.

Walimketisha Venyamin kwenye kiti cha jikoni. Siku hiyo alikuwa anakuja na kuondoka, sentensi moja yake, sentensi mbili za yule. Kapitolina aliyeyusha nta kwenye kijiko, akashika bakuli la maji baridi juu ya kichwa cha Venyamin, akamimina huku akinong'ona. Nta ikatawanyika majini, ikaganda. Aliitoa, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Nta ya watu wengine hutoka na matuta, pembe, sura za mbwa na za wachawi. Hii ilikuwa laini pande zote, haina hata alama.

"Hii sijawahi kuiona," Kapitolina alisema polepole. "Huyu hana jina. Wafu ninaowajua mimi hata waovu wana majina, unawaita kwa jina, unawafukuza kwa jina. Huyu wamemfuta." Akawageukia. "Mna kitu chake humu ndani. Kipi?"

"Zipo mia mbili," Venyamin alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na aibu. "Lakini kila moja ina mtu wake, bibi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi nawarudishia..."

"Mliosha ipi karibuni?"

Friji likanguruma, likanyamaza.

"Ya kapteni," Venyamin alisema. "Mwezi wa tisa."

"Mkataja jina?"

"La kapteni, ndiyo. Kama inavyotakiwa."

Bibi Kapitolina akaenda mwenyewe sebuleni kwa buti zake, akarudi na nyota nyekundu. Hakuiangalia nyuma wala hakuhitaji lenzi. Aliinusa tu, kama mtu anayenusa samaki sokoni, kisha akaiweka kwenye bilauri, akaijaza vodka, akaisukuma katikati ya meza.

"Sikilizeni, nawaambia mara moja, mimi si polisi," alisema. "Nyota hii mmeinywa kwa jina la mtu mwingine. Mwenyewe amekuja kuinywa, na kwa kuwa hana mdomo, ameazima wa huyu. Jina lake mmelichukua, naye amechukua la huyu. Kwake ni haki. Simfukuzi, sina cha kumwitia. Aliyemfuta na amtaje, hapa, kwa sauti, huyu akisikia. La sivyo usiku wa leo atakwenda anakokwenda, na mlango wenu hautamzuia."

"Hapana aliyemfuta mtu," Venyamin alisema. "Bibi, niliilinganisha mwenyewe kwa lenzi. Namba ni ya kapteni. Miaka kumi na moja!" Alimgeukia mkewe. Bendeji zake zilikuwa zimeanza kulowa tena, maji meusi yakitoka ndani kuja nje, yakidondoka kwenye magoti. "Mwambie, Taya. Ulikuwepo. Mwambie ni ya kapteni."

Taisia alimtazama. Aliliona katika macho yale jambo ambalo hakulitarajia, kwamba mumewe hakuwa mjinga, kwamba yawezekana hata lenzi yake haikuwa mjinga, na kwamba alikuwa anamwomba. Nyuma ya macho hayo, kwa adabu, kama mtu anayengoja zamu yake mlangoni, alisimama yule mwingine na uji wake.

"Taya," Venyamin alisema tena, kwa sauti ndogo. "Naomba."

Alijaribu kumwita kwa jina lake, angalau kwa mara hiyo moja. Halikuja. Basi akamjibu hivyohivyo, bila jina, kama unavyomjibu mtu usiyemjua njiani.

"Si ya kapteni. Ni ya Yefim Kuzyrin, mpishi. Ulikwenda kuoga, nikaitoa kwenye kopo la sukari, nikaisugua namba yake kwa mashine yangu, nikaandika ya kapteni wako. Nilijua jina lake, nilijua alichokifanya, nikamfuta, na mkono wangu haukutetemeka."